Tachipadi inayorukaruka isiharibu hesabu za koperative



Magunia ya maharagi yakifika kwenye depo huku Majengo, Goma, katibu anapima na kuandika kilo za kila mshirika katika kompyuta. Anapoandika, kiganja kinagusa tachipadi, yaani kile kibao chini ya vibonyezo ambapo tunapitisha kidole. Mshale unaruka. Kilo 85 za mama mmoja zinaingia kwenye mstari wa jirani yake na kufuta zile zilizokuwa pale. Kompyuta haisemi kitu. Kosa linaonekana siku ya malipo, na hapo ndipo watu wanaanza kushukiana.

Kwa nini inaruka?

Tachipadi haipimi uzito wa kidole. Inasikia namna mwili wa mtu unavyogeuza umeme kidogo ulio ndani yake. Ndiyo maana maji, jasho na mafuta ya mikono vinaidanganya. Tena huku kwetu vumbi la mawe meusi ya volkeno linaingia kila mahali, na likikutana na jasho linaganda. Kama mshale unaruka tu wakati chaja iko ndani, mara nyingi shida ni chaja mbovu au umeme usiotulia. Mutoe chaja, mujaribu tena.

Mufanye hivi

1. Muzime kompyuta na kutoa chaja. Mupanguse tachipadi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kilichokamuliwa vizuri. Mikono inawe na ikauke kabla ya kuandika, hasa kama mumetoka kubeba magunia.

2. Mutumie kipanya cha waya, ile watu wanaita souris, halafu muzime tachipadi. Kwenye kompyuta nyingi, kibonyezo kimoja cha mstari wa juu kina picha ya tachipadi. Munakibonyeza peke yake au pamoja na Fn.

3. Kipanya hakuna? Vibonyezo vinatosha. Tab inapeleka kwenye kisanduku cha pembeni, Entrée kwenye cha chini, na mishale minne inapeleka popote. Ctrl na S zinahifadhi kazi. Ctrl na Z zinarudisha kilichofutika sasa hivi.

4. Tachipadi ikiinuka, au ikiwa ngumu kubonyezwa, huenda betri imevimba chini yake. Hapo hakuna kungoja: muzime, mutoe chaja, mupeleke kwa fundi. Musiikandamize wala kuitoboa, maana betri ya namna hiyo inaweza kushika moto.

Daftari ibaki

Hata kompyuta ikiwa nzuri, daftari ya mzani isitupwe. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike. Jioni mulinganishe jumla ya daftari na ile ya kompyuta.

Lakini jumla peke yake haitoshi. Kilo zikiingia kwenye mstari wa mtu ambaye siku ile hakuleta kitu, jumla italingana vizuri kabisa, na feza zitaenda kwa asiyezitolea jasho. Kwa hiyo musome jina kwa jina, kilo kwa kilo, mbele ya washirika, kabla ya siku ya malipo. Kazi hiyo inachukua muda kidogo. Kugombana juu ya feza kunachukua muda mrefu zaidi, na koperative nyingine haziponi.