Simu Inaposema Kiswahili: Kazi ya Ujanibishaji wa Programu na Maana Yake kwa Bonde la Kilombero

Mkulima wa Mngeta au Mlimba akiuza magunia yake ya mpunga, mara nyingi malipo humfikia kwa simu. Anabonyeza nyota, namba na alama ya reli, kisha menyu inamwuliza kwa Kiswahili kama anataka kutuma pesa, kutoa pesa au kulipa bili. Tumezoea jambo hili kiasi kwamba hatujiulizi maneno hayo yalifikaje pale. Lakini hakuna mashine inayozaliwa ikijua Kiswahili. Ipo kazi ya watu nyuma ya maneno hayo, na watu hao walifanya uamuzi kuhusu kila neno. Makala haya yanaeleza kazi hiyo, historia yake hapa nchini, na kwa nini sisi wa Ifakara na bonde zima tunapaswa kuifuatilia.

Ujanibishaji ni nini?

Wataalamu huiita kazi hii ujanibishaji, kutokana na neno janibu, yaani upande au eneo. Kujanibisha programu ni kuifanya iwe ya mahali inapotumika. Tafsiri ni sehemu yake kubwa, lakini si yote. Pamoja na maneno kuna tarehe, saa, sarafu, namna ya kuandika namba, hata picha na rangi.

Kwa kawaida mtengenezaji wa programu hukusanya maneno yote yanayoonekana kwenye kioo na kuyaweka katika faili moja, mbali na sehemu inayoendesha programu yenyewe. Mfasiri hupewa faili hilo. Anaona safu ndefu ya vipande vifupi vya maneno: "hifadhi", "futa", "endelea", "namba ya siri si sahihi". Mara nyingi haoni kipande kitatokea wapi. Hapo ndipo ugumu unapoanza.

Chukua mfano mdogo. Programu nyingi zina kipande kimoja cha kumjulisha mtumiaji kwamba kitu fulani kimefutwa, na nafasi wazi ya kujaza jina la kitu hicho. Katika Kiingereza kipande hicho kinafaa kwa kila kitu. Katika Kiswahili, picha imefutwa, faili limefutwa, ujumbe umefutwa, kitabu kimefutwa na mtumiaji amefutwa. Ngeli zetu hazikubali kitenzi kimoja kivae nguo ya kila nomino. Mfasiri mvivu huandika "imefutwa" kila mahali. Mfasiri makini huomba kipande kigawanywe, au huigeuza sentensi ili isihitaji upatanisho huo.

Mfano wa pili ni saa. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, wengine huanza usiku wa manane. Programu ya miadi ya kliniki iliyotafsiriwa neno kwa neno inaweza kumwandikia mama ujumbe wa kufika "saa 8 asubuhi". Saa hiyo haipo katika Kiswahili. Mama ataelewa saa 8 mchana, atatoka Kibaoni au Lupiro kwa nauli yake, naye atakuta kliniki imekwisha. Maneno yote ya ujumbe yalikuwa ya Kiswahili, lakini ujumbe wenyewe haukuwa wa Kiswahili.

Tatu ni nafasi. Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160, nazo menyu za nyota na reli zina herufi 182. Maneno yetu hubeba viambishi, kwa hiyo huwa marefu. Ndiyo maana menyu zetu husema "Tuma pesa" bila salamu wala maelezo.

Safari ya Kiswahili kwenye kompyuta

Msingi wa kazi hii uliwekwa zamani, kabla ya kompyuta kuja. Padre Charles Sacleux, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Zanzibar na pwani ya Bagamoyo, alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, na nyingine kubwa zaidi ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Baada ya uhuru, mwaka 1967, Serikali iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ambalo moja ya kazi zake ni kusanifisha istilahi mpya. Pasipo kazi hiyo ndefu, mfasiri wa programu angekosa pa kuanzia.

Hatua kubwa ya kwanza kwenye programu zenyewe ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, mradi ulioitwa Kilinux ulitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice.org, na mwaka 2004 ukatoa toleo la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice. Kwa nini programu hiyo? Kwa sababu ilikuwa programu huria. Mtu yeyote aliruhusiwa kuifungua, kuitafsiri na kuigawa bure. Kwa nchi isiyo na fedha ya kuyashawishi makampuni makubwa, huo ulikuwa mlango ulio wazi.

Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kuleta Kiswahili kwenye programu zake. Mwaka 2009 Facebook ilipata sura ya Kiswahili, na huduma ya tafsiri ya Google ikaongeza lugha yetu. Mwaka 2012 shirika la Translators Without Borders lilifungua kituo jijini Nairobi cha kuwafundisha wafasiri wa Kiswahili wa habari za afya.

Katika miaka hiyo yalienea maneno ambayo leo ni ya kila siku: tovuti, barua pepe, kivinjari, nenosiri, kitufe. Mengine yalitoka jikoni. "Kupakua" ni kutoa chakula chunguni na kukiweka sahanini, na leo tunapakua nyaraka kama tunavyopakua wali. Neno la namna hii hushika haraka kwa sababu mtu anaiona picha yake. Mengine yalishindwa au bado yanashindana. Kenya "tarakilishi" imepata nafasi shuleni, ilhali Tanzania tumebaki na "kompyuta".

Hata hivyo tuseme ukweli: kompyuta ya Kiswahili haikuenea kama waanzilishi walivyotumaini. Elimu yetu ya sekondari ni ya Kiingereza, na aliyejifunza kompyuta kwa Kiingereza alibaki nacho. Simu ndiyo iliyobadili mambo. M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008, mtu hakuhitaji cheti chochote ili kuitumia, na hata jina lake lilikuwa na neno letu ndani yake. Biashara ikaona kwamba pasipo Kiswahili hakuna wateja.

Somo kutoka Kilombero: "Zuia Mbu"

Bonde letu lina mfano wake, ingawa hautoki kwenye kompyuta. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, waliendesha mradi wa KINET wa kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Kabla ya kuandika tangazo lolote, walikwenda kusikiliza jinsi watu wanavyoyaita magonjwa. Walikuta kwamba wengi walijua mbu huleta malaria, lakini degedege ya mtoto waliihesabu kuwa ugonjwa mwingine, usiohusiana na mbu. Tangazo lililotafsiriwa vizuri kutoka kitabu cha tiba lingewapita mama hao pembeni.

Bidhaa za mradi zikapewa jina ambalo kila mtu alielewa kazi yake: Zuia Mbu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kutumia vyandarua hivyo kuliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Dawa na chandarua ndivyo vilivyookoa, lakini chandarua huokoa kikitumiwa, nacho hutumiwa kikieleweka.

Somo hilo ni lilelile leo. Daftari za wadodosaji zimepokewa na simu na tableti. Swali la "homa" likiwekwa vibaya kwenye fomu ya kompyuta, litaulizwa vibaya katika kaya zote, na kosa litaingia kwenye takwimu kimyakimya. Kwa sababu hiyo watafiti hutafsiri fomu kwenda Kiswahili, kisha mtu mwingine asiyeiona ya awali huirudisha kwenye Kiingereza, na pande mbili hulinganishwa. Tena wazee wengi wa bonde letu walijifunza kwanza Kindamba, Kimbunga, Kipogoro au Kisukuma. Kiswahili cha mezani Dar es Salaam si lazima kiwe Kiswahili cha kibarazani kwao.

Nani anafaidika, nani anaumia?

Ujanibishaji sasa ni ajira. Mfasiri hulipwa kwa hesabu ya maneno, na anaweza kufanya kazi popote palipo na umeme na intaneti ya kuaminika, Ifakara ikiwemo. Lakini programu za kutafsiri zimebadilisha soko. Wateja wengi huiachia mashine itafsiri, kisha humwita mtu kusahihisha kwa malipo madogo zaidi, au hawamwiti kabisa. Matokeo yake ni Kiswahili kinachosomeka bila kueleweka.

Anayeumia zaidi si mfasiri. Fikiria programu ya mikopo ya simu ambayo kitufe cha "Kopa sasa" ni cha Kiswahili safi, huku vigezo na masharti vikibaki Kiingereza cha kisheria. Mkulima anaelewa sehemu inayomwalika lakini haelewi sehemu inayomfunga. Hapo lugha imekuwa chambo. Haki inadai kinyume chake: sehemu yenye deni, riba na adhabu ndiyo itangulie kutafsiriwa.

Tufanye nini?

Umoja wa Afrika unakitumia Kiswahili, na UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai. Heshima hizo ni njema, lakini lugha huishi inapotumika. Yapo mambo matatu tunayoweza kufanya. Kwanza, mwenye simu aiweke kwa Kiswahili walau mwezi mmoja, na akikuta neno lisiloeleweka alitumie kitufe cha maoni kuwaandikia wenye programu. Pili, kijana anayejua lugha mbili ajitolee katika miradi huria. Wikipedia ya Kiswahili imekuwepo tangu mwaka 2003 na bado inahitaji waandishi, na mradi wa Common Voice hupokea sauti za wasemaji ili mashine zijifunze matamshi yetu. Huko ndiko mtu hujifunzia kazi kabla ya kuombea malipo. Tatu, parokia, shule, zahanati au chama cha ushirika kikiletewa programu mpya, kiulize kabla ya kusaini ni nani aliyetafsiri, na kama kuna mama au mkulima yeyote aliyeisoma kabla haijafika kwetu.

Swali hilo la mwisho halihitaji elimu ya kompyuta, na linaweza kuulizwa na katibu yeyote wa kigango.