Ruta na RIP: Toleo la pili linatibu nini?

WAFANYABIASHARA wenye duka Ngokolo, mjini Shinyanga, na matawi Kahama na Geita wanahitaji kuona mauzo na akiba ya bidhaa ya kila tawi bila kusubiri daftari lije na basi. Njia ni kuunganisha kompyuta za matawi. Lakini hapo ndipo gharama huanza: mnunuzi huambiwa mtandao wake unatumia toleo la zamani, hivyo anunue mitambo mipya. Kabla ya kutoa fedha, inafaa ajue toleo jipya linatibu nini na halitibu nini.

Ruta ni mtambo unaopokea ujumbe na kuamua upite njia ipi. Ruta hupeana habari za njia kwa utaratibu uitwao itifaki, na mojawapo ya itifaki kongwe ni RIP. Toleo lake la kwanza liliandikwa rasmi mwaka 1988. La pili lilitolewa mwaka 1993, na mwaka 1998 likapewa hadhi ya kiwango kamili cha intaneti.

Tofauti ya kwanza ni anwani. Toleo la kwanza hutangaza anwani ya mtandao bila kusema mtandao huo unaishia wapi. Tuchukue mfano wa ofisi kuu ya Ngokolo inayotumia anwani za 192.168, wakati Kahama inatumia 10.1 na Geita 10.2. Kwa toleo la kwanza, kila tawi litaiambia Ngokolo kwamba mtandao wote unaoanza na 10 uko kwake. Ruta ya Ngokolo itaona njia mbili zinazofanana, na ujumbe wa Geita unaweza kupelekwa Kahama ukapotelea huko. Toleo la pili hutuma anwani pamoja na mpaka wake, hivyo kila mzigo unafika kwa mwenyewe. Ila kwenye ruta nyingi za Cisco za zamani, fundi lazima kwanza azime tabia ya kufupisha anwani, vinginevyo kasoro ile ile hubaki.

Tofauti ya pili ni ulinzi. Toleo la kwanza humwamini yeyote anayetangaza njia. Toleo la pili linaruhusu neno la siri. Hapo mwanzo neno hilo lilisafiri wazi, mtu akaweza kulisoma. Mwaka 1997 ikaongezwa njia ya kulificha. Hatari ya toleo la kwanza si ya kinadharia. Mwaka 2015 kampuni ya Akamai ilitoa tahadhari kwamba ruta za zamani zilizoachwa wazi kwenye intaneti zilikuwa zikitumiwa na wahalifu kuzidishia mashambulizi dhidi ya mitandao ya watu wengine.

Tofauti ya tatu ni kelele. Toleo la kwanza hutangaza kwa kila kompyuta iliyoko kwenye waya. La pili huzungumza na ruta zinazosikiliza anwani maalumu, 224.0.0.9.

Sasa yale ambayo hayakubadilika. Matoleo yote mawili hupima umbali kwa kuhesabu ruta zinazopitiwa, kama dereva wa lori anayehesabu vizuizi bila kutazama kama barabara ni ya lami au ya vumbi. Mwenye njia ya dishi la satelaiti inayopita ruta moja, na njia ya mkongo inayopita ruta mbili, atapelekwa kwenye dishi hata kama mkongo una kasi zaidi. Mwisho wa hesabu ni 15. Ya 16 huhesabiwa kuwa haifikiki. Tena ruta hutangaza kila baada ya sekunde 30, na jirani akinyamaza ghafla, njia yake huhesabiwa imekufa baada ya sekunde 180. Hizo ni dakika tatu za mteja kusimama kaunta.

Kwa hiyo ushauri wa ukurasa huu ni huu. Kama tatizo ni anwani kugongana au ulinzi, hamia toleo la pili. Ruta nyingi zinazojua RIP zina matoleo yote mawili, hivyo kazi ni kubadili mpangilio na gharama ni ya fundi, si ya mtambo. Kama tatizo ni kasi, au una njia zaidi ya moja, toleo la pili halitakusaidia. Uliza kuhusu OSPF, ambayo inaweza kuzingatia uwezo wa njia. Na kama matawi ni mawili tu yenye njia moja kila moja, fundi anaweza kuziandika njia hizo kwa mkono bila itifaki yoyote.

Wanachama wa vyama vya akiba na mikopo nao, wakiletewa bajeti ya mtandao kwenye mkutano, waulize swali hilo hilo: ni tatizo gani linalotibiwa?