Riba Iliyojificha Ndani ya Mlinganyo

Tuseme mama anayeuza nyanya Soko la Majengo, hapa Dodoma, amekopa shilingi 1,000,000. Karatasi aliyopewa inasema riba ni asilimia 20 kwa mwaka, marejesho 100,000 kila mwezi kwa miezi 12. Anapiga hesabu: laki moja mara 12 ni milioni moja na laki mbili, nyongeza ni laki mbili, na laki mbili ni asilimia 20 ya milioni. Hesabu imekubali. Anatia saini.

Lakini hakukaa na ile milioni mwaka mzima. Mwisho wa mwezi wa kwanza ameshaanza kuirudisha, na miezi ya mwishoni sehemu kubwa ya fedha iko kwa aliyemkopesha tayari. Riba, hata hivyo, imepigwa kana kwamba milioni yote iko kwenye meza yake ya nyanya hadi siku ya mwisho. Swali la haki ni hili: kama riba ingetozwa kwenye salio tu, yaani kwenye deni lililobaki kweli, ingekuwa asilimia ngapi kwa mwezi ili rejesho la 12 limalize deni bila kubakiza hata senti? Hiyo ndiyo riba halisi.

Hapo hesabu ya shule inagoma. Mlinganyo wa kipeo cha pili tulifundishwa kanuni yake: unaweka a, b na c mahali pake, jibu linatoka. Mlinganyo wa mama wa nyanya, ambamo riba inazidishwa upya kila mwezi, una kipeo cha 12. Mwaka 1824 kijana wa Norway, Niels Henrik Abel, alithibitisha kwamba kuanzia kipeo cha tano hakuna kanuni ya jumla ya namna ile, ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo. Wanafunzi wengi hudhani maana yake ni kwamba kanuni hiyo bado haijagunduliwa. Hapana. Haipo, na haitakuwepo.

Basi tunafanyaje? Tunakisia. Najua neno hilo linawakera watu waliozoea kuiona hisabati kama kazi ya uhakika mtupu, lakini kukisia huku si kupiga ramli. Kisio lolote tunaweza kulipima, na kipimo hutuambia tumekosea upande gani.

Chukua kalamu. Kisia asilimia 2 kwa mwezi. Anza na deni la milioni, ongeza asilimia 2, toa rejesho la laki moja. Kwenye salio linalobaki ongeza tena asilimia 2, toa laki moja, hivyo hivyo mara 12. Utakuta mama amelipa zaidi ya deni kwa takriban shilingi 73,000. Kisio ni dogo mno. Aliyemkopesha anatoza zaidi ya hapo. Rudia kwa asilimia 4: sasa mwisho wa mwaka deni la kama 98,500 limebaki. Kisio ni kubwa mno. Jibu limebanwa katikati ya 2 na 4, na halina pa kutokea, kwa sababu ukipandisha riba taratibu, deni la mwisho nalo hupanda taratibu bila kuruka. Likitoka chini ya sifuri kwenda juu yake, lazima lipite kwenye sifuri.

Gawa nusu. Asilimia 3 inabakiza deni la 6,560 hivi: kubwa kidogo. Asilimia 2.5 inazidisha malipo kwa kama 34,700: ndogo. Asilimia 2.75 inazidisha 14,400: bado ndogo. Asilimia 2.875 inazidisha 4,000. Jibu liko kati ya 2.875 na 3. Kila hatua inakata nusu ya mahali pa kutafuta, na ukikata mara 10 umebakiwa na chini ya sehemu moja ya elfu ya ulipoanzia. Njia hii haina haraka, ila haikutupi kamwe. Ndiyo ninayoipenda kuifundisha kwanza, kwa kuwa mtu mwenye simu ya batani yenye kikokotoo anaweza kuifanya akiwa amekaa nje ya ofisi ya mkopo.

Ukitaka kwenda upesi, yatumie makosa yenyewe. Kwa asilimia 2.875 tumekosea kwa 4,000 upande mmoja. Kwa asilimia 3 tumekosea kwa 6,560 upande wa pili. Jibu basi liko karibu zaidi na 2.875. Gawa nafasi iliyo kati yao kwa uwiano wa makosa hayo mawili, unapata 2.92, na umefika. Mbinu hii ni ya kale sana. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu waliiita hesabu ya makosa mawili. Qusta ibn Luqa aliiandikia risala katika karne ya 9, na Fibonacci akaipeleka kwa wasomaji wa Ulaya katika kitabu chake cha mwaka 1202. Jina hilo linanigusa, maana linaliheshimu kosa: ukiyapima vizuri makosa mawili, yanakuonyesha ukweli uliko.

Isaac Newton na Joseph Raphson, katika karne ya 17, walikwenda mbali zaidi. Kwao kisio moja latosha, ilimradi ujue mteremko wa mstari unaoonyesha deni la mwisho kwa kila riba, mahali uliposimama. Unaufuata mteremko huo hadi sifuri. Ukianza na asilimia 3, hatua moja tu inakupeleka 2.92. Ila mteremko ukiwa mdogo mno, hatua moja inaweza kukutupa mbali kabisa na jibu. Programu za kompyuta nazo hukisia. Amri ya RATE katika Excel, usipoipa kisio lako, huanza na asilimia 10 na kujirekebisha. Ikifika mara 20 bila kutulia, inakurudishia alama ya kosa.

Asilimia 2.92 kwa mwezi ni kama 35 kwa mwaka. Karatasi ilisema 20. Na kama kabla ya kumkabidhi fedha walikata 50,000 za fomu na bima, akaondoka na 950,000 huku marejesho yakibaki laki moja, riba halisi inafika 3.79 kwa mwezi. Mikopo ya kila siku, ile watu wanayoiita kausha damu, ni mikali zaidi: ukichukua 100,000 na kurudisha 4,000 kila siku kwa siku 30, unalipa takriban asilimia 1.22 kwa siku, ambayo ni zaidi ya 36 kwa mwezi, ingawa nyongeza inaonekana kuwa 20 tu.

Sasa mfikirie mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, hapa hapa Dodoma, aliyekopa milioni moja pia. Mazao yake huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo amekubaliana kulipa 600,000 baada ya miezi mitano na 600,000 nyingine baada ya miezi 11. Jumla ni ileile milioni moja na laki mbili, na karatasi yake nayo inasema asilimia 20. Tembea mwezi kwa mwezi kama tulivyofanya, ukitoa rejesho kwenye miezi hiyo miwili tu. Utafika kwenye asilimia 2.34 kwa mwezi. Ni nafuu kuliko kwa mama wa nyanya, kwa sababu fedha zimekaa shambani muda mrefu zaidi. Angelipa zote kwa mkupuo mmoja mwisho wa mwaka, ingekuwa 1.53, na hapo tu kusingehitajika kukisia: unatafuta kipeuo cha 12 cha 1.2, unatoa 1, basi.