Alan Page: Kutoka safu ya ulinzi ya Vikings hadi kiti cha jaji

Mwezi Agosti mwaka 2015 Jaji Alan Page alistaafu kutoka Mahakama ya Juu ya jimbo la Minnesota, nchini Marekani, kwa kuwa sheria ya jimbo hilo haimruhusu jaji kuendelea na kazi akishatimiza umri wa miaka 70. Alikuwa ameitumikia mahakama hiyo kwa zaidi ya miaka 22. Hata hivyo, Wamarekani wengi walimjua kwanza kwa kazi tofauti kabisa: kuwaangusha watu chini uwanjani.

Kandanda ya Kimarekani huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai, tena zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, yaani mita 9 hivi, na ikishindwa humwachia mpinzani. Kazi ya walinzi ni kuhakikisha inashindwa. Page alicheza katikati ya mstari wa mbele wa ulinzi, mahali ambapo kwa kawaida huwekwa majitu mazito ya kuziba njia. Yeye alikuwa na kilo 110 hivi, na silaha yake ilikuwa wepesi. Mara tu mpira ulipotoka ardhini alikuwa ameshapenya, na mara nyingi mpinzani aliyetakiwa kuurusha alijikuta amekamatwa kabla hajaamua amrushie nani.

Alizaliwa mwaka 1945 katika mji wa viwanda vya chuma wa Canton, jimboni Ohio. Akiwa kijana alifanya kibarua cha ujenzi wa Jumba la Magwiji wa mchezo huo, ambalo liko papo hapo Canton, bila kujua kwamba siku moja sanamu yake ingewekwa ndani. Chuo Kikuu cha Notre Dame, alikosomea sayansi ya siasa, kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1966 naye akiwa kikosini. Mwaka uliofuata alisajiliwa na Minnesota Vikings katika ligi kuu ya NFL.

Pamoja na Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen, Page aliunda safu ya ulinzi iliyoogopwa mno. Mwaka 1971 shirika la habari la Associated Press lilimtaja kuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Hakuna mlinzi aliyewahi kupewa heshima hiyo kabla yake, na baada yake ameipata mlinzi mmoja tu, Lawrence Taylor, mwaka 1986. Kilichokosekana ni kombe: Vikings walifika fainali ya Super Bowl mara nne katika miaka yake na kushindwa zote nne.

Page amesimulia mara kadhaa jambo lililomgusa kuliko vipigo hivyo. Katika kikao cha timu, wachezaji walitakiwa kusoma kwa sauti kitabu cha mbinu, ikabainika kwamba baadhi yao hawawezi kusoma. Walikuwa watu wazima waliopita sekondari na chuo kikuu. Wamepandishwa darasa hadi darasa kwa sababu ya miguu na mabega yao, na hakuna mwalimu aliyewazuia.

Yeye mwenyewe alikwishajaribu kusomea sheria mapema, akaacha baada ya majuma machache. Safari ya pili hakuacha. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Minnesota huku akiendelea kucheza, akahitimu mwaka 1978. Wakati huohuo alikuwa ameanza kukimbia mbio ndefu, na uzito wake ulikuwa ukipungua. Mwaka huohuo, msimu ukiwa katikati, Vikings walimwacha, wakisema hawezi tena kazi. Chicago Bears walimchukua kwa ada ya dola 100. Alidumu nao hadi mwaka 1981, na alipostaafu alikuwa amecheza mechi 218 za msimu wa kawaida mfululizo. Pengine mizani ya Vikings ilipima kitu kisichohusika.

Baada ya kazi ya uwakili na miaka kadhaa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, aliwania ujaji mwaka 1992. Huko Minnesota majaji huchaguliwa kwa kura, ila gavana alikuwa ameongeza muda wa jaji aliyekuwepo, hatua ambayo ingeondoa kiti hicho kwenye karatasi za kura. Page alikwenda mahakamani. Majaji wa Mahakama ya Juu walijiondoa katika kesi iliyomhusu mwenzao, jopo maalumu likaisikiliza, na Page akashinda. Wapiga kura nao wakampa kiti, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kukaa katika mahakama hiyo. Alichaguliwa tena mara tatu.

Alipoingizwa katika Jumba la Magwiji mwaka 1988, aliyemtambulisha hakuwa kocha bali mkuu wa shule moja ya Minneapolis. Mwaka huohuo yeye na mkewe, Diane, walianzisha mfuko wa kuwasomesha vyuoni vijana wa jamii za wachache wa Minnesota, jimbo ambalo leo ni makazi ya maelfu ya familia zenye asili ya Afrika Mashariki. Anayefadhiliwa hutakiwa kutumia angalau saa 50 kila mwaka kuwasaidia watoto wadogo katika masomo. Diane alifariki mwaka 2018, majuma machache kabla ya mumewe kutunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru.

Mwaka 2020, akishirikiana na Neel Kashkari, rais wa Benki Kuu ya Marekani tawi la Minneapolis, Page alipendekeza katiba ya jimbo ibadilishwe. Kifungu cha mwaka 1857 kinalitaka bunge liweke mfumo wa shule ulio sawa. Wao walitaka elimu bora iwe haki ya msingi ya kila mtoto, ambayo mzazi anaweza kuidai mahakamani. Chama cha walimu kilipinga, kikihofia kwamba lugha hiyo mpya ingedhoofisha shule za umma na kufungua mlango wa kesi zisizo na mwisho. Pendekezo hilo lilikwama bungeni na halikupelekwa kwa wapiga kura.