Mafuta ya Mgando na Uso wa Mkimbiaji

Wastani wa joto la Januari mjini Minneapolis, Marekani, ni kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Jimbo la Minnesota lina Wakenya wengi, na kati yao wapo wasioacha kukimbia hata majira hayo. Mtu aliyelelewa kwa mafuta ya mgando huyapaka usoni kwa wingi kabla ya kutoka, akiamini yanakinga baridi. Ili kuipima imani hiyo, tutenganishe mambo mawili: ngozi kukauka na ngozi kuganda.

Tuanze na ukavu. Katika nyuzi 30, meta moja ya ujazo ya hewa huweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke wa maji. Katika nyuzi 10 chini ya sifuri, gramu 2 na ushei tu. Hewa hiyo ikiingia nyumbani na kupashwa moto hadi nyuzi 20, uwezo wake hupanda hadi gramu 17, ilhali mvuke wake ni uleule. Huwa hewa yenye kiu, na maji huyanyonya ngozini.

Ngozi ina kinga yake. Tabaka lake la juu kabisa ni seli zilizokufa, zimelaliana kama makuti ya paa, na kati yake mna mafuta ya asili yanayozuia maji kutoka. Maji ya moto na sabuni huyaondoa. Sasa tupige hesabu: mkimbiaji huwa nje saa moja, saa 23 yumo ndani, zikiwemo dakika za bafuni anapojipasha kwa maji ya moto. Kupauka, midomo kupasuka na magaga yasiyoisha hutengenezwa zaidi huko ndani kuliko barabarani. Mafuta ya mgando yana kazi hapo, yakipakwa mwili ukingali na majimaji, kwa kuwa hayaongezi maji bali huyafungia yaliyopo.

Kuganda kuna njia nyingine. Uso huipasha moto hewa iliyougusa, na upepo huiondoa hewa hiyo. Anayekimbia kilomita 12 kwa saa akikabili upepo wa kilomita 18 hupigwa na upepo wa 30. Hewa ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, uso hupoa kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sifuri bila upepo. Hata hivyo, upepo hauupozi uso kupita baridi ya hewa yenyewe. Hewa ikiwa juu ya sifuri, ngozi haigandi.

Tabaka jembamba la mafuta halizuii joto kutoka. Watafiti wa Finland waliyajaribu mafuta ya usoni wasione kinga, ila hisia ya joto isiyo ya kweli. Kwa hiyo yapakwe kwa ajili ya ukavu, na baridi iachiwe kitambaa kinachofunika pua, mashavu na masikio. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu wa mwanzo kwa urahisi, basi dalili ya kutegemea ni ganzi. Shavu lililokuwa likiuma likinyamaza ghafla, halijazoea: ingia ndani, ulifunike kwa kiganja chenye joto, wala usilisugue.