JE, KUNYAMAZA NI KUKUBALI?
Wenzangu, sheria za kimataifa haziingii kwa kukariri tu. Kaka yangu aliye chuo kikuu anasema wao hupewa kesi waitatue: mambo yalivyokuwa, swali, sheria, kisha jibu. Hebu tujaribu moja hapa Changamwe.

Mwaka 1979 Kenya ilitangaza kwamba mpaka wake wa bahari na Somalia unafuata latitudo. Somalia iliposhtaki mwaka 2014 huko The Hague, Kenya ikasema: mbona miaka yote mlinyamaza?

Wewe hakimu ungeamuaje?

Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilijibu: kukubali lazima kuonekane wazi, tena Somalia ilikuwa vitani. Ikachora mstari mwingine; Kenya ikaukataa. Samaki wamo humo, na mafuta yanadhaniwa kuwemo. Basi tusome, tusije tukasemewa!