Enzi za Redio Moja: Tunakumbuka Nini Hasa?

Watanzania wa Bara waliokulia miaka ya 1970 na 1980 wakikutana hawakosi kuzisifu enzi zao: hadithi za kipindi cha Mama na Mwana, nyimbo za bendi ya Mlimani Park, betri za redio zilizoanikwa juani ili zisogeze siku mbili tatu. Ajabu ni kwamba hao hao ndio waliopanga foleni ya sukari na sabuni, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Utamu huo unatoka wapi, basi? Kinachokumbukwa, nadhani, ni kule kusikia jambo moja kwa wakati mmoja, nchi nzima. Na hali hiyo ililetwa na sera pamoja na uhaba, wala haikutokana na wema wa watu wa kale.

Mpaka redio binafsi zilipoanza 1994, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyosikilizwa karibu kila mahali. Televisheni Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara iliingia 1994. Matangazo ya vifo, mpira na muziki, vyote vilipita mlango mmoja. Hata bendi zilirekodi nyimbo zao kwenye studio za redio hiyo. Betri zilikuwa adimu, hivyo redio moja ilihudumia majirani, na mtoto alisikia kile alichosikia babu yake. Kisha, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka 1985 na kuitwa Mzee Ruksa, milango ilifunguliwa: mitumba ikajaa masokoni, kanda za video zikaenea, na 1992 vyama vingi vikarudi. Aliyeanza darasa la kwanza 1984 na kusoma bila kukatiza alimaliza kidato cha nne 1994, katika nchi nyingine kabisa.

Wapo watakaosema kila mtu huuona utoto wake mtamu. Ni kweli, lakini hilo halielezi yote. Ingekuwa ni utoto tu, kila mmoja angetamani vya kwao: mwembe wa nyumbani, chakula cha bibi. Hawa, wawe wa Bukoba au Mtwara, wanataja vipindi vile vile na sauti zile zile za watangazaji. Wengine watasema ushirika huo ulikuwa ukiritimba wa serikali. Hapo wana haki. Sauti moja ilizima nyingine, na wanamuziki waliopigwa redioni kila siku hawakuvuna mengi mfukoni. Ndiyo maana kuzikumbuka enzi hizo si sababu ya kutaka zirudi.

Ni kosa pia kuzigeuza fimbo ya kuwachapia vijana. Vijana wa leo hawajakosa adabu kwa sababu kila mmoja ana simu yake na anachagua cha kusikiliza. Wamezaliwa baada ya mlango ule mmoja kuwa mingi. Bongo fleva yenyewe, wanayoipenda hata wazazi wao, ilikua kwa sababu ya redio binafsi. Wazee wasimulie, tena waandike na kurekodi wangali na kumbukumbu, ila wasimulie yote. Anayeusifu utamu wa Mama na Mwana asiiruke foleni ya sabuni.